Mahali Palipokuwa Peupe kwenye Ramani

Shinyanga, Jumatano, saa kumi na moja jioni

Milembe mwanangu,

Umekwenda Ngokolo kumuaga shangazi yako, na baba yako hajatoka kiwandani, kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka mtakaporudi. Nimeketi kwenye meza unayopigia pasi. Begi lako liko mlangoni, limeshafungwa, na sitalifungua kuangalia umesahau nini. Habari za kuchemsha maji, za kuchagua marafiki, za kutolala na dirisha wazi, nimezisema wiki nzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Hizo tuziache.

Ninaandika kwa sababu ya jambo ulilolisema jana tulipokuwa tunakula. Ulisema barua ya kazi kutoka Dodoma inaeleza kwamba utaanza na kazi ya kulinganisha programu tatu za kompyuta, zile za kugeuza takwimu zikawa chati na ramani, kisha uwashauri wakubwa wa shirika wachukue ipi. Ulikuwa na furaha. Baba yako akacheka, akasema, "Si ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya mama yako?" Mimi nikanyanyuka kwenda jikoni kuleta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani. Uliniona. Ukaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikasema hakuna kitu.

Siku zote nimekuambia niliacha kompyuta kwa ajili ya macho. Macho yangu ni mazima. Niliacha kwa ajili ya mtu mmoja aliyeitwa Leokadia, na kwa ajili ya ramani.

Ulikuwa darasa la sita. Mradi wetu wa afya ulikuwa umepata kompyuta mbili, na mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne na cha kupiga taipu, nikawekwa mbele ya moja. Zahanati zote tulizozihudumia, kuanzia upande wa Kishapu hadi kule Bugarama, zilituma fomu kila mwezi: wangapi wameumwa malaria, wangapi wanaharisha damu, wangapi wamefariki. Kazi yangu ilikuwa kukusanya fomu hizo na kuingiza namba. Bwana Ngassa, mkuu wa mradi, alichoka kuwasomea wafadhili kurasa za namba, akataka picha. Akaniita ofisini kwake akasema, "Mama Milembe, kuna programu mbili zinafanya kazi hiyo. Zijaribu wiki tatu. Utakayoichagua wewe ndiyo tutakayoitumia."

Sijui kama unaweza kuelewa maneno hayo yalivyoniingia. Ofisi nzima wanawake tulikuwa mimi na mfagiaji. Kabla ya siku ile hakuna mtu aliyewahi kuniambia nichague kitu, hata rangi ya faili.

Programu zenyewe tuliletewa na Bwana Kanji, yule mwenye duka la redio na mashine za taipu pale mjini. Moja ilikuja kwenye diski za bluu, nyingine kwenye diski nyeusi, na hivyo ndivyo tulivyoziita. Bwana Kanji mwenyewe aliziweka kwenye kompyuta. Alipomaliza ile nyeusi akasema, "Hii watu wananirudishia, mama. Inauliza maswali mengi sana."

Ya bluu ilikuwa nzuri, mwanangu. Unaipa namba, unabonyeza, ramani ya mkoa inatokea kijiji kwa kijiji. Penye wagonjwa wengi panakuwa pekundu, penye wachache njano, pasipo na mgonjwa peupe. Ile nyeusi rangi zake zilikuwa kijivu na kahawia. Kila kitu uandike amri kwa Kiingereza, ukikosea herufi moja inakaa kimya. Na kama zahanati moja haijaleta fomu, eneo lake ililijaza mistari ya mshazari, kisha chini ikaorodhesha majina ya walionyamaza na kukataa kutoa jumla ya mkoa.

Nilizijaribu zote mbili kwa fomu za kweli. Siku moja ya wiki ya pili Leokadia akaingia.

Yeye alikuwa muuguzi wa zahanati ya Mwakisulu, peke yake. Mwakisulu kilikuwa kijiji kidogo cha wakulima mpaka dhahabu ilipoonekana, kisha watu wakamiminika kutoka kila mkoa, wakachimba maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, mpaka nyuma ya nyumba za watu. Alikuwa mrefu, anatembea haraka kama anayekimbia mvua, na akicheka anaziba mdomo. Tulisoma shule moja hapa Shinyanga, yeye akiwa mbele yangu mwaka mmoja. Fomu zake hazikuwahi kuchelewa. Alipanda malori ya wachimbaji kuzileta, akizifunga kwenye mfuko wa nailoni wa sukari. Na pembeni mwa fomu, pasipo na nafasi ya kuandika, aliandika. "Maji ya kisima yamebadilika rangi." "Wageni wameongezeka wiki hii, hawana vyoo." Mimi nilikuwa ninayasoma, natabasamu, naingiza namba. Kompyuta haikuwa na mahali pa kuweka maneno yale.

Siku hiyo alisimama nyuma ya kiti changu akiangalia kioo cha kompyuta.

"Kwangu ni wapi hapo?"

Nikamwonyesha. Palikuwa njano.

"Na nisipoleta fomu patakuwaje?"

Nikafuta namba zake, nikabonyeza. Mwakisulu pakawa peupe.

"Peupe maana yake nini?"

"Hakuna mgonjwa."

"Lakini hapo si kwamba hakuna mgonjwa. Hakuna fomu."

"Wewe utaleta fomu," nikamwambia. "Hujakosa hata mwezi mmoja."

"Sijakosa kwa sababu malori yapo, Mama Milembe. Ile nyingine inasemaje?"

Nikaweka diski nyeusi, nikahangaika na amri zake, mwishowe ramani ikatokea. Mwakisulu ikajaa mistari, na chini jina likaandikwa. Leokadia akainama, akaligusa jina lile kwa kidole.

"Hii angalau inajua kwamba sijafika," akasema. Akacheka akiziba mdomo, akachukua mfuko wake, akaenda kutafuta lori.

Wiki ya tatu nikaandaa jedwali la kulinganisha. Safu mbili, na mistari kwa kila jambo: uzuri wa picha, wepesi wa kujifunza, kasi, uchapaji. Alama kati ya moja na tano. Nilipofika kwenye lile suala la fomu zisizofika, nilikaa nalo kwa muda mrefu. Ningeweza kuandika kwamba programu ya bluu inaficha wasioripoti. Niliandika kwamba ile nyeusi ni sumbufu, inakataa kufanya kazi mpaka kila fomu iwepo. Nikaipa alama moja.

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini. Sababu ninayo. Kazi ya kukusanya fomu ilikuwa yangu. Ile mistari ya mshazari, kila mtu angeiangalia na kusema Mama Milembe hajamaliza kazi yake. Ramani ya bluu ilinionyesha mimi nimemaliza. Nilichagua kioo nilimojiona nimependeza.

Bwana Ngassa alilisifu jedwali lile mbele ya wenzangu. Diski nyeusi zikarudi dukani.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Daraja la njia ya Mwakisulu likachukuliwa na maji, malori yakakwama. Mwezi ule bahasha ya Leokadia haikufika. Nikasema itafika. Mwezi uliofuata pia haikufika. Nikasema ni mvua. Ramani ilikuwa imechapwa kubwa, imebandikwa ukutani nyuma ya mlango, na kila nilipoingia jicho langu lilikwenda moja kwa moja pale palipokuwa peupe, kisha nikalitoa.

Milembe, usidhani sikujua. Nimesimulia habari hii kichwani mwangu mara nyingi, na mara nyingine nimeisimulia kama kwamba kompyuta ilinidanganya. Haikunidanganya. Nilijua kabisa peupe pale ni pa nini.

Wafadhili wakaja. Tuliketi chumba kikubwa, ramani mbele. Upande wa Kishapu palikuwa pekundu na njano, kwa sababu kule wauguzi walileta fomu zao hata kwa baiskeli, na watu kweli walikuwa wanaumwa. Ikaamuliwa gari, dawa na waganga wawili waende huko. Halafu mgeni mmoja, mama wa makamo, mpole, akanyanyuka akaenda kwenye ramani. Akaweka kidole Mwakisulu, akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Na hapa? Wachimbaji ni wengi, lakini hakuna mgonjwa. Mmefanyaje hapa?"

Bwana Ngassa akanigeukia. Wote wakanigeukia. Ilikuwa nafasi yangu, imeletwa mpaka mkononi. Kusema "mama, hatujapata fomu" kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Nikasema, "Pale kuna muuguzi mzuri sana."

Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama yule akaandika kwenye daftari lake.

Haikupita wiki, mchimbaji mmoja akaingia ofisini. Mtu mzima, miguu imejaa tope jekundu mpaka magotini. Alisimama mlangoni akasema, "Ofisi inayopokea hesabu za wagonjwa ndiyo hii?"

Nikamwambia ndiyo, karibu.

Hakukaa. "Nimetoka Mwakisulu. Nimetembea mpaka Bugarama ndipo nikapata gari. Watu wanaharisha damu. Sista amefariki, tunazikana wenyewe sasa."

Nikamuuliza sista yupi. Fikiria swali hilo. Mwakisulu nzima ilikuwa na sista mmoja.

"Sista Leokadia," akasema. "Leo siku ya kumi na mbili."

Nilihesabu. Siku niliyosimama mbele ya wageni nikasema kuna muuguzi mzuri sana, alikuwa ameshazikwa.

Tuliondoka alfajiri ya kesho yake, mimi, dereva na mganga mmoja, na maboksi ya dawa tuliyoyapata kwa haraka. Palipokuwa na daraja vijana wa machimboni walituvusha mtoni, maboksi wameyabeba vichwani. Kijiji kilikuwa kimya kwa namna ambayo siwezi kukueleza. Maduara yalikuwa wazi, kamba zinaning'inia, hakuna mtu ndani. Nyuma ya zahanati kulikuwa na makaburi mapya, mengine madogo, na mojawapo lilikuwa na msalaba wa mbao za boksi la dawa. Mganga akaanza kazi mara moja. Mimi sikuwa na la kufanya, kwa hiyo nikaingia kwenye chumba cha Leokadia.

Fomu zilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa nailoni. Za miezi miwili zote zimejazwa. Mwandiko wa ile ya kwanza ulikuwa wake, umenyooka. Wa ile ya pili uliinama kadiri ulivyoshuka, na wiki ya mwisho namba zilikuwa zimetoka nje ya visanduku vyake. Pembeni kulikuwa na maneno kama kawaida. "Kisima cha chini kimeingiwa na maji ya mvua kutoka vyooni." "Dawa zimekwisha." Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kama za mtoto: "Daraja halipo, fomu haziwezi kuondoka. Mama Milembe akiona hazijafika atauliza."

Nilikaa kwenye kitanda chake. Sikulia. Nilisoma mstari ule mpaka dereva alipokuja kuniita.

Tuliporudi niliingiza namba zake zote, fomu kwa fomu. Nikabonyeza. Mwakisulu pakawa pekundu kuliko mahali popote mkoani, pekundu kwa mwezi uliokwisha kupita. Nikaichapa, nikampelekea Bwana Ngassa. Aliitazama, akanyanyuka kufunga mlango, akarudi kuketi. Hakuwa mtu mbaya. Siku ile ile aliagiza dawa zaidi na dawa ya kutibu visima, na ninaamini kuna watu waliopona kwa sababu yake. Lakini kuhusu ramani ile akasema, "Taarifa imeshakwenda, Mama Milembe. Tukiirudisha sasa wataufunga mradi, na hata hao wa Kishapu watakosa."

"Waandikieni tu kwamba tulikosea," nikasema.

"Nani alikosea?" Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anataka kujua kweli.

Nilitoka na karatasi yangu. Wiki iliyofuata nikaomba kuhamishiwa masjala, nikasema macho yananiuma. Nimekaa huko kati ya faili mpaka leo.

Sasa unajua kwa nini sikutaka ukuta wa chumbani upakwe chokaa nyeupe, na baba yako akaupaka bluu akidhani ni mapenzi ya rangi. Unajua kwa nini siku ile ya mnada pale Mhunze nilikuacha na mzigo nikatokomea. Nilimwona mwanamke mrefu anakata kati ya watu, anatembea haraka. Nilimfuata mpaka kwenye zizi la ng'ombe. Alipogeuka alikuwa mama mwingine kabisa, akanisalimia, na mimi nikabaki nimesimama pale. Huwa anakuja hivyo. Haji kwa hasira, na hilo ndilo linalonichosha. Anakuja kama mtu anayesubiri nimuulize habari.

Ungedhani baada ya hayo nilijifunza. Kumbuka ulipokuwa kidato cha pili, ule muhula ambao hukuandika barua hata moja. Baba yako alikuwa na wasiwasi. Mimi nilimwambia, "Angekuwa na shida angeandika." Uliporudi likizo umekonda, ukatueleza ulilala bwenini mwezi mzima na homa, ukisubiri mtu aje. Nilitoka nje nikashika ukuta. Nilikuwa nimefanya vile vile, kwako wewe, na safari hii hapakuwa na mvua wala daraja la kusingizia. Sijawahi kukuomba msamaha. Naomba sasa.

Programu hizo tatu za Dodoma sizijui, na miaka imepita, najua zitakuwa na mambo ambayo sisi hatukuyaota. Zitakuvutia. Acha zikuvutie, hakuna ubaya, uzuri wa picha umewasaidia watu wengi kuelewa mambo. Ila kabla hujatoa alama yoyote, chukua kijiji kimoja, ukifute, uone kila programu inamsemaje mtu aliyenyamaza. Kisha ujiangalie wewe unavyojisikia. Ukiona moyo unafurahia ile inayokuonyesha umemaliza kazi, kaa chini kwanza. Na wakikuuliza swali ambalo huna jibu lake, mbele ya watu wengi, na mkubwa wako amekugeukia, sema hujui. Utaona haya kwa muda wa swali moja. Mimi niliikimbia aibu ya swali moja, na tazama nilipofika.

Najua hutakuwa mimi. Una kichwa kizuri kuliko changu, na una tabia ya kuuliza mpaka mtu anakasirika. Nilikuwa ninaikemea tabia hiyo. Nisamehe na hilo pia.

Limebaki jambo moja. Mama yake Leokadia anaishi upande wa Kahama. Nilikwenda kwake mara moja tu, baada ya mazishi, nikiwa na kitenge na sukari. Alinikalisha kwenye mkeka, akaniuliza, "Mlikuwa mnajua, ninyi wa mjini?" Nikamjibu, "Barabara ilikuwa imekatika, mama." Akanishukuru kwa kuja. Nilipoondoka akanikamatia kuku. Nilimpokea, mwanangu. Nilisafiri na kuku yule mapajani mpaka Shinyanga, na sikurudi tena kwa bibi yule.

Juzi nimeuliza kwa watu wanaotoka kule. Wanasema yuko hai, amezeeka, haoni vizuri, lakini anasikia.

Kesho nikishakusindikiza stesheni, sitarudi nyumbani. Nitakwenda moja kwa moja stendi kupanda basi la Kahama. Baba yako nitamweleza leo akirudi kutoka kazini, maana naye kwa miaka yote hii anajua habari za macho tu. Nitakapofika kwa mama Leokadia nitamwamkia, nitaketi, na nitamwambia kwamba nilijua fomu za binti yake hazijafika, na sikuuliza. Akinifukuza nitatoka. Akininyamazia, nitangoja hapo hapo mkekani mpaka aseme.

Nenda salama, mwanangu.

Mama yako